Uso, Jirani na Kadi: Historia ya Kumtambua Mpiga Kura



Muhula uliopita, hapa Kabingo, niliwapa wanafunzi wangu mada ya mdahalo: "Mpiga kura asiyeonyesha kitambulisho chenye picha asiruhusiwe kupiga kura." Nilidhani utakuwa mdahalo mwepesi. Upande wa kuunga mkono ulianza kwa kishindo: benki huomba kitambulisho, kampuni za simu huomba kitambulisho, kwa nini sanduku la kura, lililo kubwa kuliko benki na simu, lisiombe?

Ndipo msichana mmoja wa upande wa kupinga akasimama. "Mwalimu, bibi yangu anayo kadi, lakini mashine haimjui. Alama za vidole vyake zimeliwa na jembe." Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Mvulana aliyekulia katika makazi ya Nakivale akaongeza: "Kaka yangu naye anacho kitambulisho chenye picha nzuri kabisa. Ni cha mkimbizi. Kinaeleza yeye ni nani, na papo hapo kinaeleza kwamba hapigi kura."

Sikutoa hukumu siku ile. Niliwaahidi kwamba nitaandika, kwa kuwa swali lao lina historia ndefu katika ardhi hii tunayoikanyaga. Makala haya ndiyo ahadi hiyo.

Tuanze na maneno

Neno "kitambulisho" limetokana na kitenzi "tambua", yaani kujua kwamba huyu ndiye. Kutoka hapo tunapata "tambulisha", na mwisho chombo cha kutambulishia. Waganda husema "endagamuntu", kitu kinachomwonyesha mtu. Wanyarwanda husema "indangamuntu". Ukiyatazama maneno hayo mawili utaona ni ndugu, na yote mawili yamembeba "muntu" ambaye kwetu ni "mtu".

Angalia basi kwamba kutambua kulikuwapo kabla ya kitambulisho. Kwa muda mrefu mtu alitambuliwa kwa uso wake, kwa ukoo wake na kwa ushahidi wa jirani. Kadi ni mgeni aliyekuja baadaye. Tuulize kwanza: jirani alifanya kazi hiyo vizuri kiasi gani?

Jirani kama shahidi

Baada ya uchaguzi wa Aprili 1962, uliotangulia uhuru wa Oktoba mwaka huo, Uganda ilikaa miaka 18 bila uchaguzi mkuu. Uchaguzi uliofuata ulifanyika Desemba 1980. Hapakuwa na kadi za picha. Kila chama kilikuwa na sanduku lake, na mpiga kura alitumbukiza karatasi katika sanduku la chama alichokipenda. Kabla hesabu haijakamilika, Paulo Muwanga, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya kijeshi iliyotawala, alitoa amri kwamba yeye peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo, na atakayekiuka atapigwa faini na kufungwa. Chama cha UPC cha Milton Obote kikatangazwa mshindi. Hapa kwetu, katika jimbo la Mbarara Kaskazini, Yoweri Museveni wa chama cha UPM alishindwa na Sam Kutesa wa DP. Miezi miwili baadaye, Februari 1981, Museveni akaingia msituni kuanza vita.

Kumbuka jambo moja hapa, tutalirudia. Tatizo kubwa la 1980 halikuwa mkulima aliyejifanya mkulima mwenziwe ili apige kura mara mbili. Lilikuwa ofisini, baada ya kura kupigwa. Kadi yenye picha, hata ingekuwepo, isingeizuia amri ya Muwanga.

Baada ya 1986 serikali mpya ilirudisha njia ya kale zaidi ya zote. Katika chaguzi za mabaraza ya vijiji, watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao na kuhesabiwa mchana kweupe. Kila mtu alimwona kila mtu. Njia hiyo haijafa. Mnamo Julai 2018, wenyeviti wa vijiji kote nchini walichaguliwa kwa kupanga mstari. Katika mstari kama huo shahidi mkuu ni jirani. Akisema, "Huyu ni wa kijiji chetu," umepita. Akisema, "Huyu simjui," utasimama wapi?

Mwaka jirani alipokana

Swali hilo si la kubuni. Lina tarehe na lina mahali.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kutangazwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Lakini Wanyarwanda hawakuwa wageni wa juzi katika Ankole. Wengine walikuwa hapa kabla Wazungu hawajachora mpaka. Wengine walikuja kutafuta kazi na malisho zama za ukoloni. Wakimbizi walikuwa kundi la tatu. Watu wa makundi hayo matatu walizungumza lugha moja, wakafanana sura, wakaoana wao kwa wao na pamoja na Wanyankole.

Methali yetu husema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wanyarwanda walipewa jembe, wakalima, wakafuga, wakalipa kodi. Hata hivyo, mwaka 1969 serikali ya Obote iliagiza wahesabiwe, na wengi waliamini nia ilikuwa kuwanyima kura, kwa sababu wengi wao walikuwa Wakatoliki na walidhaniwa kuwa wafuasi wa DP. Mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971 yaliuzima mpango huo.

Obote aliporudi madarakani, tuhuma nazo zilirudi, na safari hii ikaongezwa nyingine: kwamba Wanyarwanda wanawaunga mkono wapiganaji wa Museveni. Mnamo Oktoba 1982, viongozi wa Mbarara na vijana wa UPC, wakiwa pamoja na kikosi maalumu cha polisi, walianza kuwafukuza watu. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Inakadiriwa kuwa watu 40,000 hivi walivuka kwenda Rwanda, na wengine 35,000 hivi walikimbilia makazi ya wakimbizi, Nakivale yakiwemo. Maelfu walikwama mpakani Merama Hill: nyuma yao nchi moja imewakana, mbele yao nchi nyingine imefunga njia.

Sasa sikiliza kwa makini. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwemo raia halali wa Uganda. Walikuwemo hata Wahima wa Ankole ambao hawakuwa Wanyarwanda kabisa. Walitambuliwa kwa nini? Kwa uso. Kwa urefu wa pua na wembamba wa kimo. Walioonyesha nyumba za kuvamiwa, mara nyingi, walikuwa majirani, na baadhi yao ndio waliobaki na mashamba na mifugo. Vijana wengi waliofukuzwa walijiunga na jeshi la msituni. Jeshi hilo lilipoingia Kampala Januari 1986 likiwa na askari wapatao 16,000, inakadiriwa kwamba robo yao walikuwa Wanyarwanda.

Hili ndilo funzo la kwanza. Anayesema, "Tusihitaji kadi, sisi sote tunajuana," asisahau mwaka 1982. Kujuana ni neema wakati wa amani. Wakati wa chuki, yule anayekujua ndiye anayejua mlango wako.

Je, kadi ingewaokoa?

Mtu atasema: kumbe kadi ni bora! Raia angetoa kadi yake, akaachwa. Huenda. Lakini vuka mpaka uone. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kibelgiji iliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye navyo: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulikuja, neno lile likabaki kwenye kadi. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, kadi hizo zilitosha kumtenga wa kuishi na wa kuuawa. Baada ya mauaji ya kimbari Rwanda iliondoa kabila kwenye kitambulisho.

Nchini Kenya nako, kuanzia 1919 na 1920, wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ikitiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande hakikumpa Mwafrika haki yoyote. Kilimwezesha tajiri kumfuatilia mfanyakazi aliyetoroka. Harry Thuku alikipinga hadi akakamatwa mwaka 1922, na kilifutwa mwaka 1947.

Basi jirani anaweza kukukana, na kadi inaweza kukusaliti. Kadi haina wema wala ubaya wake yenyewe. Lazima tuulize imetolewa na nani, imeandikwa nini, na inafanya kazi gani.

Picha inaingia katika daftari

Turudi Uganda. Baada ya uchaguzi wa rais wa 1996 na ule wa 2001, malalamiko ya wapiga kura hewa yalikuwa mengi. Kazi ya kuwapiga picha wapiga kura ilianza mwaka 2001, na kufikia uchaguzi wa Februari 2006 daftari lenye picha lilikuwa vituoni. Angalia tofauti hii ndogo yenye uzito mkubwa: picha ilikuwa katika daftari la Tume ya Uchaguzi, si lazima mfukoni mwa mpiga kura. Msimamizi alifungua ukurasa, akaitazama picha, akautazama uso.

Je, picha zilimaliza ugomvi? Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya Kizza Besigye dhidi ya Museveni baada ya uchaguzi huo. Majaji walikubaliana kwamba baadhi ya wananchi walinyimwa haki ya kupiga kura kwa majina yao kufutwa katika daftari, ingawa kwa kura 4 dhidi ya 3 walikataa kuubatilisha uchaguzi. Kasoro iliyoonekana mahakamani, basi, haikuwa ya wasiostahili kuingia tu. Wenye haki nao walitolewa nje.

Mwaka 2014 uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa ulianza, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuandikisha watu. Daftari la uchaguzi wa 2016 lilichotwa kutoka katika daftari hilo la taifa, likawa na wapiga kura zaidi ya milioni 15. Mashine za kusoma alama za vidole ziliingia vituoni. Hata hivyo, Tume ilieleza kwamba aliyemo katika daftari anaweza kupiga kura hata kama hana kadi mkononi. Mashine nazo zimekuwa na siku zao mbaya. Katika uchaguzi wa Januari 2026 ziligoma katika vituo vingi, foleni zikasimama, na ikabidi daftari la karatasi litumike.

Kwa hiyo Uganda hailazimishi kadi kituoni. Lakini tusijidanganye. Ikiwa jina lako huingia katika daftari la kura kupitia daftari la kitambulisho, basi kizingiti kimehamishwa tu: kimetoka kituoni kikaenda ofisi ya uandikishaji. Asiyeweza kuvuka kule hafiki huku. Mwaka 2021 watetezi wa haki walichapisha utafiti kuhusu wazee walioshindwa kupata posho ya serikali, na wagonjwa waliopata shida hospitalini, kwa sababu hawakuwa na kadi au kadi zilikosewa tarehe. Mwaka uliofuata walikwenda mahakamani. Kadi ikishakuwa ufunguo wa kila mlango, kosa moja la karani hufunga milango yote.

Na kwetu kosa hilo lina sura yake. Katiba ya 1995 imewataja Wanyarwanda miongoni mwa jamii za asili zilizokuwepo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 12, inamnyima aliyezaliwa hapa haki ya kuandikishwa kuwa raia ikiwa mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Mbele ya karani wanakaa vijana wawili, jina la aina moja, lugha moja, sura moja. Mmoja ni raia kwa kuzaliwa, mwingine sheria haimtambui hivyo. Karani atajuaje? Si ajabu kwamba viongozi wa jamii hiyo wamelalamika hadharani kwamba watu wao hukataliwa vitambulisho na pasipoti, hata baadhi yao wakapendekeza jina jipya, Abavandimwe, ili wasidhaniwe kuwa raia wa Rwanda.

Majirani wetu na walio mbali

Pemba, mwaka 2009, swali letu lilitoka darasani likaingia barabarani. Ili mtu aandikishwe katika daftari la wapiga kura la Zanzibar ilimlazimu awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na safari ya kukipata ilipitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa anayeteuliwa na serikali. Wafuasi wa upinzani walisema masheha wanawanyima makusudi. Fujo zikazuka, na Agosti mwaka huo uandikishaji ukasimamishwa kwa muda. Novemba, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, maridhiano yakaanza. Katika kisa hiki kadi na jirani walikuwa kitu kimoja: kadi ilipatikana kwa neno la sheha.

Kongo ilikwenda kinyumenyume. Kwa kuwa vitambulisho vya taifa vilikuwa vimekoma kutolewa kwa miaka mingi, kadi ya mpiga kura iliyoanza mwaka 2005 ikawa ndiyo kitambulisho cha Mkongomani. Watu walijiandikisha kupiga kura ili wapate cha kuonyesha polisi na benki. Kadi za uchaguzi wa 2023 zilileta kilio: maandishi na picha katika nyingi zilififia mapema.

Uingereza, nchi yenye posta, mabasi na ofisi kila mahali, ilianza kudai kitambulisho cha picha katika chaguzi za mitaa za Mei 2023. Kadi ya bure ilitolewa kwa asiye nacho. Hata hivyo, Tume ya Uchaguzi ya huko ilihesabu watu 14,000 hivi waliokwenda vituoni wakarudi bila kupiga kura. India, iliyoanza kutoa kadi za picha kwa wapiga kura mwaka 1993, ilichagua njia ya upole zaidi: aliyekosa kadi hiyo huruhusiwa kuonyesha hati nyingine kadhaa zinazokubalika.

Hukumu niliyowaahidi

Sasa nitoe hukumu, nanyi mna ruhusa ya kuipinga.

Wenzetu wa upande wa kuunga mkono wana hoja ya kweli. Kura moja ikiibwa kwa jina la marehemu, mimi na wewe tumeibiwa. Na baada ya mwaka 1982, siwezi kuwashauri mkabidhi haki yenu kwa macho ya jirani peke yake. Mtu anahitaji hati inayosema, "Huyu ni raia," hata pale kijiji kizima kinaponong'ona kwamba si raia.

Lakini kadi ni deni la serikali kwa raia kabla ya kuwa deni la raia kwa serikali. Haifai kumdai mtu kitu ambacho wewe mwenyewe hujampa. Serikali ikishamfikia bibi wa Kabingo kwenye mgomba wake, ikamwandikisha bure, ikasahihisha tarehe iliyokosewa bila kumzungusha hadi Mbarara mara tatu, hapo ina haki ya kumwambia, "Bibi, tuonyeshe kadi." Na hata siku hiyo, kadi ikipotea au mashine ikikataa vidole vyake, uwepo mlango wa pili: picha yake katika daftari, na kiapo mbele ya mawakala wa vyama vyote. Shahidi mmoja akinyamaza, mwingine aseme. Asirudishwe nyumbani mwenye haki kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Tena, tusiwape vitambulisho kazi isiyo yao. Kadi humlinda mtu asiibiwe jina. Hailindi sanduku lisijazwe usiku wala karatasi ya matokeo isibadilishwe njiani. Mwaka 1980 umeshatufundisha.

Vipi kuhusu yule kaka wa Nakivale? Katika kura za nchi sheria imemweka nje, na kadi yake inasema kweli. Wakimbizi huchagua viongozi wa mabaraza yao ndani ya makazi, na huko sauti yake ipo. Lakini mtoto wake atakapozaliwa hapa, akasoma hapa na kufikisha miaka 18 hapa, atauliza alichouliza mdogo wake darasani, na jibu halitatoka kwenye kadi. Litatoka kwenye katiba, na katiba huandikwa na watu. Msichana aliyemtetea bibi yake atakuwa mpiga kura hivi karibuni. Naomba siku hiyo, akiwa katika foleni, amkumbuke aliyekaa naye dawati moja.

Msamiati

*Daftari la wapiga kura*: orodha rasmi ya majina ya wenye haki ya kupiga kura.
*Mpiga kura hewa*: jina lililo katika daftari bila mtu halisi nyuma yake.
*Wakala*: mtu anayekiwakilisha chama au mgombea kituoni.
*Kukana*: kukataa kwamba unamjua mtu au kwamba ni wako.
*Maridhiano*: makubaliano ya kumaliza uhasama.

Maswali ya mjadala

1. Kwa nini mwandishi anasema kwamba kizingiti "kimehamishwa tu" nchini Uganda?
2. Linganisha kazi ya sheha wa Pemba mwaka 2009 na kazi ya jirani katika mstari wa uchaguzi wa kijiji.
3. Methali "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inahimiza nini? Je, inatosha kueleza haki za mtu aliyepewa jembe miaka 60 iliyopita?
4. Andika insha ya maneno 300 ukiipinga hukumu ya mwandishi. Tumia angalau mfano mmoja wa kihistoria ambao yeye hakuutaja.